Barua kwa Salum kuhusu daftari la madeni

Ndugu yangu Salum,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, na bado anaidai kanga yake.

Nimeisoma programu uliyonitumia ya madeni ya dukani kwa Mzee Hamadi, ile isiyoyaona majina uliyokwisha kuyaingiza, na ninakuandikia kabla hujaitupa na kuanza upya kwa lugha nyingine, Python, kama ulivyotishia. Jedwali, ambamo kila jina ni ufunguo wa deni lake, umeliunda kwa (make-hash-table) bila kuongeza neno, na Common Lisp, lugha uliyoitumia, isipoagizwa vinginevyo, hulinganisha funguo kwa eql, ambayo kwa stringi (maandishi kama jina) huuliza kama ni kitu kilekile kwenye kumbukumbu, wala haiangalii herufi. "Zuhura" uliyemwingiza asubuhi na "Zuhura" aliyechapwa jioni ni stringi mbili, kwa hiyo gethash, inayotafuta ufunguo jedwalini, inakujibu NIL, yaani "hakuna", bila haya. Andika (make-hash-table :test 'equal), ili herufi zenyewe zilinganishwe, basi. Ipo pia equalp, isiyojali herufi kubwa na ndogo, ingawa mimi ningeyasawazisha majina kwanza kabla ya kuyaingiza.

Unalalamika kwamba majaribio yote yalipita. Yangeachaje kupita? Majina uliyaandika ndani ya faili lenyewe, na kompaila, inayoitafsiri programu kwa ajili ya kompyuta, inaruhusiwa kuziunganisha stringi zinazofanana zilizomo katika faili moja ziwe kitu kimoja. Majina ya kuchapwa na mteja hayana bahati hiyo.

Hata baada ya hapo, NIL itakurudia, kwa sababu umeitumia kumaanisha "hadaiwi", nayo gethash hurudisha hiyohiyo jina lisipokuwamo kabisa. Hurudisha thamani mbili, na ya pili ndiyo inayosema kama ufunguo umepatikana. Ipokee kwa multiple-value-bind, inayozipa thamani zote mbili majina, la sivyo mgeni asiyejulikana dukani ataonekana mteja mwaminifu aliyemaliza deni. Na ile sehemu unayorekebisha tahajia ya jina ndani ya stringi ambayo tayari ni ufunguo, iondoe: lifute ingizo kwa remhash, kisha uliingize upya, maana jedwali halitajua kwamba jina limebadilika.

Mzee Hamadi ana wateja wangapi hasa? Wakiwa wachache, je, orodha ya jozi za jina na deni, na assoc ya kutafuta humo yenye :test #'string= ya kulinganisha herufi, isingemtosha? Umeme ukikatika, madeni yanabaki wapi? Na Rehema amekubali kuyachapa majina, au bado amenuna?

Nasubiri majibu yako.

Wako,
Idrisa