Tumpime mtu kwanza, chama baadaye

Mhariri,

Agosti 2022 nilikuwa karani katika kituo kimoja cha kupigia kura hapa kaunti ya Taita Taveta, Kenya. Yapata saa nne asubuhi aliingia bibi mmoja ambaye macho yamemwisha, ameshikwa mkono na mjukuu. Mjukuu hakuwa ametimiza umri, kwa hiyo ikabidi msimamizi wa kituo ndiye amsaidie, mawakala wa vyama wamesimama pale pale kushuhudia. Msimamizi akafungua karatasi ya kwanza, akaanza kumsomea majina. Bibi akamkatiza: "Mwanangu, usijichoshe. Niwekee cha chama." Karatasi ya pili, vivyo hivyo. Zikaisha zote sita, kuanzia rais hadi mwakilishi wadi, na bibi hakutaka kusikia jina hata moja.

Chama alichokitaja sikisemi. Niliapa kutunza siri. Ninamleta hapa kwa sababu nilipomtazama akitoka, mjukuu akimwelekeza mlangoni, nilijiona mimi mwenyewe. Macho yangu ni mazima, lakini saa mbili kabla yake nami nilikuwa nimepiga kura yangu hivyo hivyo.

Tena kosa langu ni kubwa kuliko lake, maana mimi nilijua ninachokifanya. Katika karatasi ya mwakilishi wadi kulikuwa na mtu ninayemfahamu tangu nikiwa mtoto, mwalimu mkuu mstaafu. Kwa miaka sita alikuwa mwekahazina wa kamati yetu ya maji. Kila mwisho wa mwezi alikuja mkutanoni na daftari la jalada jeusi, risiti amezibana kwa pini nyuma ya kila ukurasa, akisoma polepole: bomba za inchi moja, kumi na mbili, fundi, siku tatu, baki, shilingi mia mbili na arobaini. Na zile mia mbili na arobaini alizitoa mfukoni akaziweka mezani, noti na sarafu, watu wazione. Mtu huyo alikwenda kwenye mchujo wa chama kinachotamba huku kwetu, akanyimwa tikiti. Akapewa mwingine mwenye kifua na magari. Mwalimu akasimama kwa chama kidogo ambacho wengi hatukuijua hata alama yake. Nilipofika kwenye jina lake kalamu ilisita. Nikajiambia, nikimpa huyu nitakuwa nimeipasua suti. Wakati ule wimbo ulikuwa mmoja, suti kamili, juu mpaka chini. Nikampita.

Leo ukishuka njia ya shule ya msingi utaliona tangi la lita elfu kumi limekaa juu ya nguzo za zege. Ubavuni limeandikwa kwamba mradi umekamilika. Mfereji wake umezibwa kwa kipande cha gunia ili nyuki wasijenge ndani, maana hakuna tone lililowahi kupita humo. Kina mama wananunua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Na haya yanatokea katika kaunti yenye chemchemi za Mzima, ambazo maji yake yanasafiri kwa bomba hadi Mombasa! Nilipouliza habari za tangi hilo kwenye baraza, aliyechaguliwa hakujibu. Waliojibu ni vijana wa chama, nao walisema ninatumiwa na wapinzani. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ambayo kura yangu iliifanya: ilimpa mtu ngao. Anapoulizwa maji anajibu chama.

Sasa hebu tukitazame hicho chama tunachokifia. Mwaka 2002 aliyeshinda urais, Mwai Kibaki, alishinda kwa NARC. Mwaka 2007 mtu yule yule alirudi kwa PNU, chama kilichoundwa miezi michache tu kabla ya kura. Mwaka 2013 chama cha aliyeshinda kikawa TNA ndani ya muungano wa Jubilee. Mwaka 2017 TNA haikuwapo tena, ilikuwa imevunjwa mwaka uliotangulia ili kuunda Chama cha Jubilee. Mwaka 2022 ikawa UDA. Chaguzi tano, vyama vitano. Kuna watu katika nchi hii waliogombana na ndugu zao wa tumbo moja kwa sababu ya vyama ambavyo leo havina hata ofisi mjini. Na wale walioitana majina mabaya majukwaani mwaka 2022, kufikia Agosti 2024 baadhi yao walikuwa wameketi katika baraza moja la mawaziri. Kukaa pamoja si dhambi, huenda hata kuna heri ndani yake. Ninachouliza ni hiki: utiifu wangu uliokwenda kwa chama, siku ile wakubwa walipopatana, ulibaki mikononi mwa nani?

Nao walio bungeni wanabanwa na utiifu huo huo. Tarehe 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106 huku vijana wakiwa barabarani nje ya Bunge, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi. Kwa hiyo wabunge waliowapa watu wao kisogo ili wasiwaudhi wakubwa wa chama walijikuta wametetea jambo ambalo mwenye chama mwenyewe ameliacha. Sisemi kila aliyepiga ndiyo ni mtu mbaya. Nasema mtu asiye na msimamo wake hubaki amesimama pale alipoachwa.

Tuliwahi kuwa na watu wa namna nyingine. Mwaka 1975, Bunge lilipojadili ripoti ya kamati yake kuhusu mauaji ya mbunge J.M. Kariuki, Masinde Muliro alikuwa waziri. Serikali ilitaka ripoti ile isikubaliwe. Muliro akapiga kura ikubaliwe, akafutwa uwaziri. John Keen na Peter Kibisu, waliokuwa mawaziri wasaidizi, walipoteza nafasi zao kwa kosa hilo hilo.

Lakini anayenigusa zaidi ni Bildad Kaggia, mpigania uhuru. Alihukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, wakafungwa pamoja. Uhuru ulipokuja akawa mbunge wa Kandara na akapewa wadhifa katika Wizara ya Elimu. Aliachana na wadhifa huo mwaka 1964 kwa sababu hakuweza kunyamaza kuhusu waliopigania ardhi wakabaki bila ardhi. Mwaka uliofuata Mzee Kenyatta alimwumbua hadharani kwao Kandara. Akawataja wenzao wa kifungoni mmoja mmoja: huyu ana mashamba, huyu ana nyumba kubwa, huyu ana mabasi, je wewe Kaggia umejifanyia nini? Swali lile lilikusudiwa kumwaibisha. Mimi kila nikilikumbuka naona lilikuwa cheti bora kuliko vyote alivyowahi kupewa mwanasiasa wa nchi hii. Mwaka 1966 alihama KANU, chama tawala cha wakati ule, pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, sheria ikabadilishwa upesi ili waliohama warudi kwa wapigakura, na watu wa Kandara, wale wale aliowapigania, wakampa kiti mtu wa KANU. Kaggia akaishi maisha ya kawaida, akiwa na kinu chake cha kusaga mahindi, hadi alipofariki Machi 2005. Siwezi kuwahukumu watu wa Kandara. Chama kilikuwa kimeshika dola, barabara na shule. Lakini ninajua walichokiona mbele yao siku ile, kwa sababu nami nilikiona kwenye karatasi ya wadi mwaka 2022, nikakipita.

Najua nitaambiwa kwamba mtu mmoja mwema bila chama hawezi kitu, kwamba bungeni na katika bunge la kaunti kinachohesabiwa ni idadi, na kwamba chama kina manifesto ya kumbana kiongozi. Ni kweli kabisa kwamba kazi ya kutunga sheria haifanywi na mtu peke yake. Lakini ni nani kati yetu aliyeisoma manifesto ya chama chake kabla ya kukipigia kura sita? Na ni chama gani kimemwita mwakilishi wadi wake kikamuuliza, mbona tangi ni kavu? Vyama vyetu huwaadhibu wanaompinga kinara. Sijasikia vikimwadhibu aliyekula za maji.

Sheria nayo haitatufanyia kazi hii. Katiba ya 2010, Kifungu cha 73, inataja uadilifu binafsi, uwezo na ufaafu kati ya misingi ya kumpata kiongozi. Maneno mazuri sana. Lakini Kifungu cha 99 kinasema hata aliyehukumiwa hazuiwi kugombea ubunge mpaka njia zote za rufaa ziishe, na kila mmoja wetu anajua rufaa huchukua miaka mingapi Kenya. Ina maana chujio la mwisho ni mimi na kalamu niliyopewa kituoni. Nikishaamua kutosoma majina, hakuna chujio.

Katiba hiyo hiyo imemfungulia mlango mgombea huru. Anatakiwa asiwe mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na aungwe mkono na wapigakura 500 kwa kiti cha wadi, 1,000 kwa ubunge. Sisi wa kaunti hii tunalijua hilo, maana gavana wetu, Andrew Mwadime, alichaguliwa 2022 bila chama, na Meru wakafanya hivyo hivyo kwa Kawira Mwangaza. Sitaji majina haya kama ushahidi wa wema. Huyo wa Meru alipelekwa Seneti na kuondolewa, na wa kwetu tutampima kwa kazi yake. Kukosa chama si uadilifu. Yupo mwizi aliyenyimwa tikiti akajiita huru, na yupo mwaminifu ndani ya chama kikubwa ambaye ningemchagua hata leo.

Kwa hiyo ninapomwangalia mtu siku hizi nauliza mambo ya karibu. Alishika fedha ya nani kabla ya kuomba hii, ya chama cha ushirika, ya kanisa, ya msikiti, ya mazishi, na ilikwendaje? Walioajiriwa naye wanalipwa kwa wakati? Basari ilipopita mikononi mwake ilikwenda kwa yatima au kwa mpwa wake? Majibu ya maswali haya hayako Nairobi. Yako kwa jirani yake, kwa mama anayemuuzia maziwa, kwa fundi aliyemjengea.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa yule mwalimu nikamwambia kwamba sikumpa kura, na kwa nini. Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na lile daftari jeusi, akanionyesha ukurasa wa mwisho alioukabidhi kwa kamati mpya na sahihi ya aliyepokea. Nilimwomba asimame tena tarehe 10 Agosti 2027, awe huru. Akasema atafikiria iwapo watu watamwonyesha wanamtaka. Tangu hapo mimi na vijana wawili tunazunguka wadi jioni, nyumba kwa nyumba, tukiandika majina ya wapigakura walio tayari kumtilia sahihi wakati ukifika. Zinahitajika 500. Kufikia jana jioni tulikuwa na 63, na la kwanza katika orodha ni langu.

Msomaji wako,
Voi