Risala ya Umoja wa Wazee kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazee Duniani, 1 Oktoba

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wazee wenzetu, mabibi na mabwana,

Karibu sana. Siku hii iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na umoja wetu haujawahi kuiacha ipite kimya. Mafanikio yetu ni makubwa: mabenchi ya bustani ya umma sasa yana egemeo na mikono, na yamepandishwa hadi sentimita 45, kimo ambacho mwenye magoti mabovu huinuka bila kuvutwa. Maua nayo tumepanda.

Ndugu Mgeni Rasmi, mabenchi hayo wengi wetu hatuyafikii. Lango liko juu kwa sentimita 60, vidato vinne, hakuna pa kushika. Waheshimiwa waliokutangulia waliahidi rampu, yaani njia ya mteremko ya kupandia bila vidato, tukawapigia makofi. Kilichokuja ni mteremko wa zege wa mita 2, tena umepigwa niru. Tunashukuru kwa moyo ule, ila kiti cha magurudumu kikipandishwa pale hutaka kubinuka kinyumenyume, na mvua ikinyesha hata mwenye mkongojo huteleza.

Kila sentimita 1 ya kimo hudai sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo lango letu linahitaji mita 7.2, pamoja na tambarare ya mita 1.5 juu na chini ili kiti kigeuke. Zege lichanwe kwa fagio gumu likiwa bado bichi, michirizi ikipita kwa upana. Kingo ziinuliwe sentimita 10, gurudumu lisichomoke.

Vyuma vya kushika tunaomba viwe pande zote mbili, kimo cha sentimita 90. Aliyepooza upande mmoja akipanda na chuma cha kulia, akishuka chuma hicho kiko kwenye mkono usiofanya kazi. Vipitilize mwisho wa rampu kwa sentimita 30, kwa kuwa hatua ya mwisho ndiyo inayoangusha watu. Vidato vibaki, maana wapo wanaopanda ngazi kwa urahisi kuliko mteremko. Vipakwe tu rangi ya njano ukingoni.

Mteremko wa sasa uvunjwe, usiwekwe kiraka: zege jipya juu ya niru halishiki.

Vipimo vimeshachukuliwa zaidi ya mara moja, na hatuombi kupimwa tena. Tunaomba, kabla hujaondoka, ututajie tarehe ya kuanza kazi na jina la msimamizi, katibu ayaandike kwenye muhtasari.

Tunaomba kuwasilisha.