Kamba ya mgongo: wazazi waelezwe yote

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuliandikia, lakini taarifa yenu kuhusu upasuaji wa kunyoosha kwa kamba mgongo wa mtoto uliopinda, bila kuunganisha pingili za uti wa mgongo, imenitoa kimya. Mwandishi wenu aliuita salama kwa kuwa umeidhinishwa Marekani, kisha akaishia hapo, kana kwamba idhini zote ni sawa.

Si sawa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa cha The Tether, yaani kamba hiyo na skrubu zake, wakati huo cha kampuni ya Zimmer Biomet, mwezi Agosti 2019 kwa msamaha wa kibinadamu, uliowekewa maradhi yanayowapata watu wasiozidi 8,000 kwa mwaka nchini humo. Chini ya msamaha huo mtengenezaji halazimiki kuthibitisha ufanisi kama ilivyo kawaida. Inatosha aonyeshe kwamba manufaa yanayotarajiwa yanazidi hatari. Tena kiliruhusiwa kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, mgongo wake umepinda kwa nyuzi 30 hadi 65, na kizibao cha plastiki cha kuushikilia mgongo kimeshindwa kumsaidia au hakukivumilia. Hayo hamkuyaandika.

Binti yangu ana miaka 13 na tunaishi Columbus, Ohio. Siku ya kuonana na daktari tulipewa mkalimani wa simu, naye alisikika vizuri muda wote daktari alipokuwa akieleza jinsi skrubu zinavyofungwa ubavuni mwa pingili kwa kupitia kifuani, na jinsi kamba inavyokazwa ili upande uliotokeza ukue polepole na ule wa pili uufikie. Ilipofika zamu ya madhara, simu ikakatika, na hakuna aliyeipiga tena. Wakamgeukia mtoto mwenyewe. Akiwa amekaa kitandani na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba kamba inaweza kukatika ndani yake, kwamba mgongo unaweza kunyooka kupita kiasi ukaanza kupindia upande wa pili, kwamba mapafu yanaweza kupata shida, na kwamba huenda akapasuliwa tena. Mtoto amhesabie mama yake hatari za mwili wake mwenyewe, kisha mama aletewe fomu ya Kiingereza kitupu atie sahihi! Sikutia.

Siupingi upasuaji huu. Ule wa vyuma, unaounganisha pingili, humwondolea mtoto uwezo wa kupinda sehemu iliyounganishwa maisha yake yote, na binti anayependa mpira wa wavu ana haki ya kutamani zaidi ya hapo. Lakini waliowekewa vyuma wamefuatiliwa kwa miongo mingi. Wa kamba bado.

Naomba kila habari ya upasuaji iambatane na kisanduku cha mistari mitatu: wangapi walipasuliwa, wangapi walirudiwa, na wamefuatiliwa miaka mingapi. Nazo hospitali ziweke simu ya pili mezani, na daktari asitamke neno moja la madhara kabla mkalimani hajaitikia.

Mama wa mgonjwa,
Columbus, Ohio