Barua kwa mwanangu anayechora wahusika wa watu wengine

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Daftari lako la michoro limenifikia na nimelipitia ukurasa kwa ukurasa, pamoja na zile kurasa ulizoziandika "mbaya" kwa kalamu nyekundu. Hizo ndizo nilizokaa nazo zaidi.

Umeniuliza kama ni kweli alichokwambia mwenzako, kwamba anayechora wahusika wa katuni za watu si msanii, ni mwigaji tu. Mwigaji ndiwe, mwanangu, na wala usione haya. Mwaka 1887 mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alichukua chapa za Hiroshige, yaani picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, za Mjapani aliyekuwa ameshafariki miaka mingi, akazichora upya kwa rangi za mafuta: daraja lililopigwa na mvua, na mplamu uliochanua. Rangi alizikoleza, kisha pembeni akaongeza ukingo ambao Hiroshige hakuuchora, akaujaza herufi za Kijapani alizozinakili kutoka kwenye chapa nyingine. Kama huo si mchoro wa shabiki, wa mtu anayechora upya kazi ya mwingine kwa kuipenda, basi sijui mchoro wa shabiki ni upi. Miaka miwili baadaye, akiwa amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa, alichora upya kazi za mchoraji Mfaransa Millet akitazama picha zilizochapwa bila rangi, hivyo rangi ikabidi azitunge mwenyewe. Alimweleza ndugu yake katika barua kwamba anafanya kama mpiga muziki anayepiga kazi ya Beethoven na kuitia namna yake. Mchoraji Picasso naye, mwaka 1957, mzee wa zaidi ya miaka 75 na jina lake limeshaenea dunia nzima, alitumia miezi kadhaa akiung'ang'ania mchoro mmoja wa Mhispania Velázquez wa mwaka 1656. Alimaliza na mfululizo wa picha 58, nyingi zikiwa ni mchoro ule ule aliougeuzageuza.

Kwa hiyo la kuiga tuliache. Linalonihangaisha ni mikono.

Nimetafuta mikono katika daftari zima. Huyu kaitia mfukoni, huyu kaificha mgongoni, yule mwenye upanga kafunikwa na joho hadi upanga wenyewe unaonekana kama unaelea. Nyuso umezipatia sana: jicho lina mwanga wake mahali panapostahili, nywele zimechongoka vile vile kama za mwenyewe. Ila nyuso umezipatia kwa sababu mchoraji wako, huyo mwenye katuni unazoziiga, anazionyesha kila ukurasa, kwa karibu. Mikono anaichora haraka haraka, kwa mistari mitatu minne, kwa kuwa yeye tayari anajua kidole kinakunjika wapi na anaweza kuacha mengine. Wewe umechukua kile alichobakisha, na alichokiacha hukijui. Ndiyo maana ukifika kwenye mkono unakwama na kutafuta mfuko.

Hapo kunakili peke yake hakukusaidii. Msanii wa Italia Michelangelo alipokuwa kijana alinakili chapa ya Martin Schongauer, Mjerumani, inayomwonyesha Mtakatifu Antonio akiteswa na mashetani wenye magamba na mapezi. Chapa yenyewe haikuwa na rangi. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba kijana alikwenda sokoni kutazama samaki, ili aone magamba na macho yao yana rangi gani, ndipo akarudi kuwapaka mashetani wa Schongauer. Hilo ndilo nataka ulifanye. Ukishanakili mkono wa mchoraji wako, weka mkono wako wa kushoto mezani uuchore huo, kisha rudi kwake uone alipunguza nini.

Watazame pia wale ambao mchoraji wako alijifunza kwao. Macho makubwa unayoyapenda katika katuni za Kijapani yalienezwa sana na mchora katuni wa Japani Osamu Tezuka, naye alikuwa shabiki mkubwa wa filamu za Disney; mwanzoni mwa miaka ya 1950 alichora hata kitabu chake cha katuni cha Bambi, mojawapo ya filamu hizo. Unayemwiga wewe alimwiga mtu, na huyo mtu alimwiga mwingine. Ukifika nyuma hatua mbili tatu utaanza kuona kipi ni cha nani, na hapo utachagua kwa kujua, si kwa sababu ndicho pekee ulichowahi kukiona.

Kuhusu kuweka karatasi juu ya mchoro na kufuatisha mistari: fanya ukitaka kujua mstari umepita wapi, ila usiishie hapo, kwa sababu mkono unasafiri huku jicho limelala. Afadhali utazame, ufunike, uchore kwa kumbukumbu, kisha ufunue. Patakapopungua ndipo ulikuwa hujapaona. Halafu mpe yule mhusika kazi ambayo mchoraji wake hakuwahi kumpa: apande mti, abebe ndoo, alale kifudifudi. Hapo hutakuwa na picha ya kunakili, itabidi ujue mwili wake. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya michoro ya mashabiki, na nashangaa wengi wanaridhika kumchora mhusika amesimama wima akikutazama.

Sasa majina. Mchoro ulioufuatisha usiuonyeshe watu kama wako. Ulioutunga mwenyewe kwa mhusika wa mtu, andika pembeni mhusika ni wa nani. Zamani mchonga chapa wa Italia Marcantonio Raimondi alinakili chapa za Mjerumani Albrecht Dürer pamoja na alama ya Dürer ya A na D, iliyokuwa kama sahihi yake. Vasari, mwandishi wa zamani wa maisha ya wasanii, anasimulia kwamba Dürer alikwenda Venice kushtaki, na alichopata ni Raimondi kukatazwa kutumia alama ile. Kunakili picha hakukatazwa. Hadi leo wanaoruhusiwa kunakili ndani ya Louvre, jumba la makumbusho la Paris, hutakiwa nakala yao isilingane ukubwa na picha yenyewe, na sahihi ya mchoraji wasiiguse.

Sheria za hakimiliki za siku hizi ni kali kuliko za wakati wa Dürer. Kwa jumla mtindo hauna mwenyewe: Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na wachoraji wanaendelea kuchora kwa mtindo wake, wakiuita kwa jina lake. Mhusika ni jambo jingine, huyo ana mwenyewe. Kumchora kwa mazoezi au kumpa rafiki kwa kawaida hakumsumbui mtu, lakini biashara inataka ruhusa, na baadhi ya kampuni zimeandika wazi zinachoruhusu mashabiki na zisichoruhusu. Kwa hiyo vibandiko ulivyotaka kuuza visubiri kwanza. Tafuta masharti ya wenye katuni, tuyasome pamoja.

Kalamu za wino ulizoomba nakutumia, nene na nyembamba, maana mistari yako yote ina unene mmoja, kuanzia kope hadi viatu. Hilo tutaliongea ukija.

Mimi mama yako