Mhariri, tuwekeeni saa za maji, watoto wanataka kuvua

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaohangaika hapo chumba cha habari. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga na leo naandika kuhusu jambo ambalo wengine wataliona dogo, ila kwangu kubwa manake linawagusa watoto wangu. Naomba muwe mnatuwekea saa za maji kujaa na kupwa, pale pale mnapoweka hali ya hewa. Mechi za Ulaya mnaziweka na saa zake, Ramadhani mnatuwekea mpaka dakika ya kufuturu, lakini haya maji ambayo sisi watu wa pwani tunalala nayo na kuamka nayo hayamo, na bila kujua saa za maji huwezi kumpeleka mtoto kuvua akarudi na furaha.

Kilichonifanya nishike simu niandike ni hiki. Kuna Jumamosi tulijipanga wiki nzima, mimi na mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi, mishipi nimeshaifunga kwenye chupa za plastiki kila mtoto na chupa yake, kamba wa chambo wamenunuliwa, chai kwenye chupa, mihogo, maandazi, tukapanda bajaji mbili mpaka kwenye mawe upande wa Raskazone, tumefika saa nne asubuhi maji hakuna. Yamekwenda huko mbali, imebaki mchanga wa tope na majani na vidimbwi vya maji ya moto. Watoto wamesimama wameshika chupa zao wananiangalia mimi. Wakacheza na kaa kidogo, saa sita jua likakaza, mdogo akaanza kulia, na maji ndo kwanza yanageuka. Tukarudi nyumbani hakuna aliyelowesha mshipi.

Kwenye bajaji mama akasema, mwanangu ungeniuliza, juzi si uliona mwezi umetimia, mwezi ukiwa mpevu saa nne maji yako nje. Nilinyamaza manake ni kweli. Mama ni wa wale waliokuwa wanakwenda kutanda uduvi kwa shuka na wenzake, mwezi ndo ilikuwa kalenda yao, na sisi watoto wao tumesoma lakini hilo hatukulichukua.

Basi toka siku hiyo nimekaa naye akanifundisha na nimeanza kuandika kwenye daftari, na wasomaji wengine wa pwani naomba mjue hili hata kama gazeti halijaanza kutuwekea. Huku kwetu mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanakupwa sana kama saa nne tano asubuhi na yanajaa kama saa kumi jioni na alfajiri pia. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, kwa hiyo ukihesabu wiki moja mbele mambo yamegeuka, saa nne ile ile maji yamejaa, na hayo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na kwa watoto wadogo mimi naona ndo mazuri kuliko yote. Bamvua maji yanaweza kupanda mita tatu na zaidi ndani ya saa sita tu. Hapo ndo pa kuangalia sana, manake jiwe mlilolifikia kwa miguu mikavu, mkizubaa na samaki, mkigeuka nyuma mnakuta maji yameshazunguka na mko na mtoto wa miaka sita. Sitanii kwenye hili. Ukiona maji yanaanza kuingia nyuma yako funga mshipi ondoka, hata kama samaki wanadonoa vipi. Na samaki wanadonoa kweli wakati huo, maji yakiwa yanaingia ndo na wao wanaingia nayo kutafuta chakula kwenye mawe, kwa hiyo usipojua saa unajikuta au umewahi sana au umekwenda wakati wa hatari.

Sasa kuhusu furaha yenyewe. Siku nyingine tumekwenda, safari hii kwa hesabu za mama, maji mafu, tumefika yanajaa taratibu, bahari imetulia. Pembeni yetu kulikuwa na baba mmoja na mtoto wake wa kiume kama miaka minane. Mtoto alirusha mshipi ukanasa kwenye jiwe, akavuta, ukavurugika wote ukawa kama kiota. Yule baba akamfokea, we huwezi hata kushika kitu, lete hapa, akamnyang'anya. Akakaa anafumua yeye, amekasirika, halafu akaanza kuvua yeye mwenyewe na ule mshipi wa mtoto. Mtoto akaenda akakaa juu ya ndoo, bahari ameipa mgongo, akawa anaangalia magari barabarani mpaka walipoondoka. Nimemfikiria sana yule mtoto. Sidhani kama yule baba ni mtu mbaya, si alimleta mwenyewe, alitoa nauli, alinunua chambo, alitaka mwanawe afurahi, lakini pale katikati akasahau wamekuja kufanya nini, akataka samaki.

Mi naomba wazazi wenzangu, mshipi ukivurugika kaeni chini pamoja mfumue, na ukishindikana ukate. Mshipi ni wa bei ndogo tu. Kile kipande usikitupe pale, kitie mfukoni urudi nacho, manake nailoni haiozi na inawafunga ndege miguu na kasa shingo, na ndoana ikibaki kwenye mchanga kesho kuna mtoto wa mwenzako anapita pekupeku. Mimi ndoana za watoto wangu nimezibana kile kijino kwa koleo, ile ncha ya nyuma inayozuia isitoke. Samaki wanaponyoka wawili watatu ni kweli, lakini ikimwingia mtoto kidoleni inatoka bila kupelekana hospitali, na samaki mdogo unamtoa bila kumchana mdomo.

Na hao samaki wadogo ndo raha yenyewe. Binti yangu wa kwanza kumkamata alikuwa changu wa urefu wa kidole, kidole cha mtoto. Alimshika kwa mikono miwili iliyolowa, nilimwambia alowe kwanza ndo ashike, akamwangalia jichoni, akamgeuza akaangalia upande wa pili, akaniuliza baba huyu ana miaka mingapi. Tukamrudisha. Alikaa kidogo kwenye kivuli cha jiwe akitikisa mapezi halafu akaondoka, na binti bado amekunja mikono vile vile kana kwamba samaki yumo. Mpaka leo anasimulia huyo changu, na kuna siku kaka yake alipata kolekole mzuri tu wa kula na hiyo hata haijawahi kutajwa tena.

Kuna mambo mawili ya samaki wetu nitayasema manake nimeona watu hawajui. La kwanza tasi, wengine wanamwita chafi. Ni samaki mtamu sana ila miiba yake ina sumu na inauma isivyo kawaida. Mwanangu wa kati ilimchoma kwenye dole gumba wakati anamtoa kwenye ndoana, alipiga kelele mpaka watu wakaja. Mzee mmoja mvuvi akatuuliza mna maji ya moto? Tulikuwa na chai tu. Mke wangu akamimina chai ya rangi kwenye kikombe, akapunguza kwa maji baridi kidogo kidogo huku anajaribu kwa mkono wake mpaka ikawa moto wa kuvumilika usiounguza, mtoto akatumbukiza dole, ikipoa anaongeza. Baada ya muda kilio kikashuka, tukakaa hivyo kama nusu saa na zaidi mpaka akaanza kuomba andazi. Baadaye nikathibitisha hospitali kuwa ndivyo, joto linapunguza nguvu ya ile sumu, tena wakaniambia kidonda kioshwe na kikivimba au mtoto akizidiwa mpelekwe haraka. Sasa hivi chupa ya maji ya moto haikosi kwenye begi, na tasi anatolewa na mimi kwa kitambaa kinene na koleo.

La pili bunju. Watoto wanampenda manake akivutwa anajijaza anakuwa kama mpira. Mwangalieni, mchekeni, mrudisheni upesi. Msimle, hata akipikwa siku nzima sumu yake haiishi na inaua.

Halafu jamani tusikae sana. Mimi nimejiwekea muda wa saa mbili tu za kuvua, kwa wadogo hata muda wa saa moja na nusu, tunaondoka wakati bado wanataka kubaki. Nilikuwa naona uchungu kuondoka samaki ndo wanaanza, ila nimegundua yule mtoto niliyemtoa baharini akinisihi dakika tano zaidi ndo anayeniamsha Jumamosi inayofuata, na yule niliyemsubirisha mpaka kachoka na jua hataki kusikia tena. Tukikosa kabisa tunapitia soko la samaki la Deep Sea tunanunua vibua, mama anavikaanga, na watoto wanakula wakisimulia walivyoponyokwa.

Wakati wa kusi likivuma siwapeleki kwenye mawe ya wazi, mawimbi yanapanda ghafla, na hapa naishukuru TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa tahadhari zao za upepo mkali na mawimbi makubwa, hizo mnaziandika vizuri. Basi maji nayo yaongezeni. Bandarini majedwali yapo, meli haziingii kwa kubahatisha, ni suala la kuomba na kupanga. Najua wengine watasema siku hizi kila kitu kipo kwenye intaneti, ni kweli, lakini saa zinakuja kwa kizungu, na mama yangu hana simu ya hivyo, gazeti analo, mjukuu wake humsomea. Na nataka hao watoto wawe wanalifungua gazeti wenyewe Ijumaa jioni watafute kesho maji yanajaa saa ngapi, wapange wao.

Binti yangu, huyo wa changu, kila tukienda ananiuliza kama leo silikanti atakula chambo chake. Alisikia shuleni kuwa samaki huyo dunia nzima ilidhani alishatoweka zamani za kale hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na kwamba hapa kwetu Tanga wavuvi wamewapata wengi kuanzia miaka ya 2000 mpaka ikawekwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Nimemweleza anakaa chini sana kwenye mapango ya miamba, gizani, mshipi wetu wa chupa haufiki hata robo ya njia. Ananisikiliza vizuri, halafu anaweka kipande kikubwa cha ngisi kuliko cha wenzake. Sijamkataza.

Nilipokuwa mdogo mimi tukiogelea hapa tulikuwa tunasikia milio ya baruti za kuvulia samaki upande wa mbali, kifua kinatikisika majini, na siku inayofuata samaki wadogo wamekufa wanaelea. Wanangu hawajawahi kusikia mlio huo. Ndo maana changu wa kidole yupo pale kwenye mawe wa kukamatwa na kurudishwa.

Kwa hiyo mhariri, mistari miwili tu inatosha. Maji kujaa saa fulani na saa fulani, kupwa saa fulani na saa fulani, kwa saa zetu za Kiswahili, mweke Tanga, Dar, Mtwara na Zanzibar, na alama ndogo ya mwezi siku za bamvua ili mzazi ajue leo ni maji ya kuangaliwa. Mkianza wiki hii nitafurahi sana, manake Jumamosi ijayo kwa daftari langu na la mama maji yanajaa asubuhi, chupa tatu za mishipi ziko tayari nyuma ya mlango, na ningependa tulinganishe.

Wako msomaji,
Baba wa watoto watatu,
Tanga