Dada wa mwaka wa nne, popote ulipo, asante

Sikukuuliza jina, wala wewe hukuniuliza langu. Ulikuwa usiku wa kuamkia mtihani wa vitendo wa anatomia, ule wa kuhama meza kila kengele inapolia, nami nilikuwa maktaba nimeinamia mtandao wa neva za mkono kwa saa tatu bila kuambulia kitu. Nadhani uliyaona machozi. (Kama hukuyaona, basi hapa nimejiumbua bure.)

Ulivuta kiti, ukachora: mizizi mitano, C5 hadi T1 (yaani neva za uti wa mgongo, kuanzia ya tano ya shingo hadi ya kwanza ya kifua), mashina matatu, migawanyiko sita, kamba tatu, matawi makuu matano. Ukaikunja karatasi, ukanisukumia nyingine. "Haya mdogo wangu, chora wewe." Nilikosea mara nne. Ya tano ikakaa. Kisha ukanigonga kiwiko, vidole viwili vya mwisho vikafa ganzi, ukacheka: "Hiyo ndiyo neva ya alna, hutaisahau." Kwa neva ya radiali, kuonyesha mkono unavyokuwa neva hiyo ikiumia, ukaacha kiganja chako kining'inie kama nguo kwenye kamba.

Kesho yake, meza ya sita, pini ilikuwa imechomekwa hapo hapo kiwikoni. Nilijizuia nisicheke mbele ya msimamizi.

Nilikusikia ukimwambia mwenzako una zamu ya wodi alfajiri. Maana yake saa nzima uliyokaa nami uliikata kwenye usingizi wako, na hukulitaja hilo hata mara moja.

Kalamu yako nyekundu bado ninayo. Ukinikuta pale pale maktaba, ichukue.