Ile picha haikuwa mwani

Mhariri, salamu kutoka Kisumu. Wiki jana mlitoa picha ya ufuo wa Ulaya umejaa majani, mkaandika chini ati ni mwani. Niliikodolea macho mpaka chai ikapoa, maana mpwa wangu anafanya kazi Galway, Ayalandi, na siku za ofu hushuka ufuoni maji yakipwa, ananitumia picha kwa WhatsApp, nimezizoea kama gugumaji la ziwani hapa Dunga.

Yale majani ya picha yenu ni nyasi za bahari, wataalamu huziita Zostera. Ni tepe ndefu za kijani, ukivuta unatoka na mizizi na kashina kanakotambaa ndani ya mchanga, na zinatoa maua humo humo majini, yaani ni mmea kamili. Mwani hauna mizizi wala ua, unajishikilia tu kwa jiwe, chakula unafyonza kwa mwili wote.

Na mwani wenyewe si wa aina moja. Kule mawe yamejaa ule wa kahawia, hapo unaangalia malengelenge ya hewa, yakiwa mawili mawili, moja huku moja huku ya mshipa wa katikati, huo ni Fucus vesiculosus, yakiwa moja moja kama yai kwa mkanda usio na mshipa, huo ni Ascophyllum. Ukikosa malengelenge na ukingo uwe na meno ya msumeno, Fucus serratus. Hiyo hewa inauinua mwani ufuate mwanga maji yakijaa, sawa tu na vile vikonyo vilivyovimba vya gugumaji, ila gugumaji linaenda na upepo, waulize watu wa mashua vile linawafungia njia. Halafu kuna Ulva, kijani, mwembamba kama nailoni, ukiweka kidole nyuma unakiona. Huo wanakula, na kuna mwekundu unaitwa dulse wanakausha wanatafuna hivyo hivyo, mpwa anasema ni chumvi tupu lakini naona kila picha anayo mfukoni.

Hapa kwetu fulu na omena ni samaki wawili tofauti, mtu akiita fulu omena, akina mama wa sokoni watamcheka mpaka jioni. Kwa hivyo rekebisheni maelezo ya hiyo picha. Zangu ninazo kwa simu, mkitaka nitawatumia, ya msumeno tu ndio imetoka giza.

Msomaji wenu, Nyalenda